Biskuti Nane za Bi Mizani

Mwaka ule mvua zilichelewa kuisha, na bweni la wasichana lilinuka nguo mbichi tangu Jumatatu hadi Jumapili. Yeye alikuwa na miaka kumi na minne, na jina la Bi Mizani alikuwa bado hajapewa. Mama yao alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na baba alifanya kazi ya mbali. Mdogo wake wa kiume, mtoto wa miaka sita, alikuwa amepewa ruhusa ya kulala kwa mpishi wa bweni, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kumweka. Katika msimu huo mtoto yule aling'oka meno ya mbele, juu na chini, akabaki na pengo ambalo wasichana wakubwa walipenda kulichungulia.

Mpishi alikuwa na gunia la oti, ile nafaka iliyobanwa ikawa bapa, lililoletwa kwa ajili ya uji. Wasichana waliukataa uji wenyewe kwa umoja wao. Mpishi hakutaka kutupa chakula, basi akaanza kuoka biskuti: oti, siagi, sukari ya kahawia, chokoleti iliyokatwakatwa kwa kisu, karanga na korosho nzima. Zilikuwa biskuti nene, za kushibisha. Mtoto alipewa moja, akaing'ata kwa upande, akalia. Hapo dada yake akaomba kinu, akazitwanga karanga na korosho mpaka zikawa kama mchanga, akaoka nane nyingine katika trei ndogo iliyobaki. Mtoto akala mbili, akalala na makombo kifuani.

Habari hiyo alinisimulia mara nyingi katika miaka kumi na tisa tuliyofanya kazi pamoja, na kila mara aliishia kwenye makombo.

Kazi yetu ilikuwa katika chumba cha dawa cha hospitali. Mimi nilikuwa karani wa daftari. Yeye alipima dawa za unga na marhamu kwa mizani ya shaba yenye vitanga viwili, kisha akazikunja katika vikaratasi bila gundi wala uzi, kwa mikunjo mitano ambayo haikufunguka mpaka mgonjwa aifungue mwenyewe. Kutokana na mizani hiyo alipata jina lake. Ilipoletwa ya umeme, hospitali ilimwachia ile ya shaba aende nayo nyumbani, na tangu hapo hakupima tena oti kwa kikombe.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alioka. Hakuzidisha nane. Kila donge lilikuwa gramu hamsini kabla halijaingia katika oveni, na chumvi yenyewe aliipima. Zilipopoa alizikunja katika karatasi kwa mikunjo yake mitano, akaandika juu yake kwa mwandiko wa shule, “Mdogo wangu”, akampelekea kaka yule, ambaye sasa alikuwa fundi wa redio, mtu mzima mwenye upara na mke.

Mke huyo ndiye aliyekuwa mwiba. Alikuwa karani wa posta, mwanamke mcheshi, mwenye sauti ya kusikika toka ng'ambo ya barabara, na alipika kwa kukadiria kwa kiganja. Kwa miaka kumi na minane Bi Mizani hakuwahi kumwita wifi. Alimwita “mwenzetu”, na neno hilo, likitoka kinywani mwake, lilikuwa na baridi ya kutosha kugandisha siagi.

“Mwenzetu ametia maua dirishani,” angeniambia akirudi kutoka huko. “Mwenzetu amemnunulia shati la mistari. Huyo mtoto hajapata kupenda mistari tangu azaliwe.”

“Ana miaka hamsini na moja, Bi Mizani.”

“Hata mimi najua kuhesabu, Karani.”

Alikuwa na jambo moja la kumtuliza. Mwenzetu alikuwa na nyumba, watoto wawili waliokuwa shule ya bweni, na mume. Lakini biskuti hizi hakujua kuzioka. Kila mwezi Bi Mizani alijua kwamba kuna kitu ambacho kaka yake hawezi kukipata popote isipokuwa mkononi mwake. Bila hicho, yeye mwenyewe angekuwa mgeni tu wa kukaribishwa chai.

Siku moja alifika dirishani kwetu mama mmoja mwenye kikohozi, jirani wa fundi redio. Alipokuwa akingoja dawa yake, alisema kwa furaha:

“Wifi yako ana mkono, jamani. Jana nilipita pale nikakaribishwa biskuti. Laini, mama, unaweka ulimini inateleza yenyewe. Zina oti na chokoleti ndani. Na mumewe anazila hizo, huoni hata anavyopumua.”

Bi Mizani alimpa kisogo. Alirudi kwenye mizani akapima unga uleule mara tatu. Mama yule alipoondoka, alikaa kwenye kigoda chake, uso mkavu.

“Ameniibia,” akasema.

“Nani amekuibia?”

“Mwenzetu. Ameiba biskuti zangu, kisha amezifanya laini. Biskuti laini ni kitu gani? Biskuti laini ni mkate ulioshindwa.”

Nilicheka, naye hakucheka. Roho ilimuuma kweli. Wiki hiyo hakungoja mwisho wa mwezi. Alioka Jumamosi hiyohiyo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akabadilisha vipimo vyake. Aliongeza korosho, nzima, zile kubwa za kuchagua, akapunguza siagi, akaziacha katika oveni dakika nne zaidi ili zipate, kama alivyosema, mwili. Aliniletea moja nionje. Niliila kwa heshima na kwa upande mmoja wa kinywa.

“Je?”

“Zina mwili,” nikamjibu.

Wiki iliyofuata alioka tena, na nyingine tena, na kila mara korosho ziliongezeka. Fundi redio alituma shukrani. Alisema ni nzuri sana. Lakini yule mama wa kikohozi, aliporudi kuongezewa dawa, alisema kwamba siku hizi kwa wifi hakukosekani zile laini, kila wiki zipo. Kadiri Bi Mizani alivyooka, ndivyo mwenzetu naye alivyooka. Bi Mizani alianza kukonda. Usoni alikuwa na ile hali ya mtu anayesikiliza kitu kilicho chumba cha pili.

Ijumaa moja, tukifunga madirisha, akaniambia, “Kesho asubuhi utanisindikiza. Sitaki kwenda kuonja peke yangu. Nataka shahidi anayejua kuandika.”

Tulikwenda bila taarifa. Tulipofika kwenye lango tulisikia kinu kikitwanga nyuma ya nyumba, na mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Bi Mizani alitangulia. Nilipomfikia alikuwa amesimama kizingitini kama mtu aliyepigwa na umeme.

Juu ya meza ilikuwapo ile karatasi yenye mikunjo mitano, imefunguliwa, na maandishi “Mdogo wangu” yakiangalia juu. Biskuti tatu zilikuwa bado ndani yake. Tano zilikuwa kinuni, na mwenzetu alikuwa na mchi mkononi.

“Sasa nimeona,” Bi Mizani akasema polepole. “Mtu akichukia chakula cha mwenzake hukitupa. Wewe unakitwanga.”

“Wifi, karibu. Keti kwanza.”

“Siketi.”

“Basi simama vizuri, usije ukaanguka, maana umekuwa mweupe kama huu unga. Karani, nawe karibu. Siyo unavyodhani, wifi.”

“Mimi sidhani. Naona kinu, naona mchi, naona korosho zangu.”

“Ni ngumu, wifi.”

“Ngumu kwa nani? Kaka yangu amezila tangu ana miaka sita.”

Hapo fundi redio akatokea katika mlango wa chumba cha mbele, bisibisi mkononi. Alikuwa ameshika leso mdomoni, na alipoiondoa tuliona mashavu yake yameingia ndani kuliko tulivyoyazoea. Alizungumza kwa kufinya maneno.

“Dada, mwache. Mimi ndiye niliyemkataza asikuambie.”

Akafungua leso. Ndani yake mlikuwa na meno ya bandia, safu ya juu na ya chini, yamelala kama kitu cha dukani.

“Yananichubua,” akasema. “Nikiyavaa siwezi kutafuna, nikiyavua ndiyo kabisa. Yeye huzitwanga biskuti zako, anazikanda kwa maziwa na yai, anazioka tena. Ninazila zote, dada. Sijapoteza hata moja. Wakija watu wanakaribishwa hizohizo.”

Kwa hiyo zile laini zilikuwa za Bi Mizani mwenyewe. Nilimtazama Bi Mizani nikitarajia afadhali iingie usoni mwake. Haikuingia. Aliyatazama yale meno katika leso kwa muda mrefu.

“Tangu lini?”

“Mwaka wa pili huu.”

“Miaka miwili. Kwa nini hukuniambia?”

“Maisha yote umenihubiria habari za mswaki. Nilijua ungenishika mkono mpaka kwa daktari wa meno na kumwambia nina miaka sita.”

Mke wake alicheka kidogo, kisha akajizuia.

“Na yeye alijua.”

“Alikuwapo yaking'olewa, dada.”

“Mimi nilikuwapo yakiota,” akasema Bi Mizani.

Nilielewa wakati huo kwamba biskuti zilikuwa jambo dogo. Angeweza kumsamehe mwanamke huyu kuoka. Kilichomchoma ni kwamba kulikuwa na siri katika kinywa cha mdogo wake, na siri hiyo ilikuwa na mwenyewe, naye mwenyewe hakuwa dada.

Mwenzetu aliweka mchi chini. Alichukua sahani kabatini, akamsogezea. Ilikuwa na biskuti mbili laini za wiki iliyopita. Bi Mizani alivunja kipande, akakiweka ulimini, akafumba macho kama alivyofanya alipokuwa akionja dawa iliyotiliwa shaka.

“Maziwa umetia kiasi gani?”

“Sijui, wifi. Mpaka unga unikubalie.”

“Unga haukubali wala haukatai. Ni gramu ngapi?”

“Kiganja na nusu.”

“Kiganja cha nani?”

“Changu. Hiki hapa, kipime ukitaka.”

Fundi redio aliangua kicheko kisicho na meno, nami nikamfuata. Dada mtu alikaza midomo.

“Ni tamu,” akasema hatimaye, kwa taabu, kama mtu anayetia sahihi hati ya kuhama nyumba.

“Ni zako,” mwenzetu akamjibu. “Mimi nazivunja tu. Ila nikuambie kitu, wifi, usikasirike. Mimi meno yangu yote ninayo, thelathini na mawili. Na miaka yote hii sijapata kula moja nzima. Karatasi huja imeandikwa jina la mtu. Nilijua si yangu, basi hata kuonja sikuonja, ila makombo ya kinuni.”

Bi Mizani alitazama ile karatasi mezani, yale maneno mawili ya mwandiko wake mzuri. Alichukua mkoba wake akaaga.

Tulirudi kwa miguu mpaka kwenye kona ya hospitali.

“Bado namwonea wivu, Karani,” akasema. “Usiende ukanifanya malaika katika daftari lako.”

“Sitakufanya.”

“Nikifikiri alimshika mkono siku ile yaking'olewa, naumwa hapa.” Akagusa mahali penyewe, chini kidogo ya koo. “Niliwahi kumtwangia, unajua. Nilisahau. Nilikazana kumpa korosho nzima, mtu asiye na meno, ili nimshinde mwanamke aliyekuwa akinitwangia mimi.”

Kwa wiki tatu hakuoka. Alipima dawa zake, akakunja vikaratasi vyake, na ikiwa mtu alitaja biskuti alibadilisha mazungumzo. Nadhani wivu ule haukumwacha. Ulikaa naye kama baridi yabisi, na alijifunza tu namna ya kutembea nao.

Mwezi uleule nilihamishiwa hospitali nyingine, safari ya siku mbili, na baada ya hapo sikumwona tena wala kupata habari zake za uhakika. Ninachokijua cha mwisho ni cha Jumamosi niliyokwenda kumuaga. Nilimkuta jikoni, mizani ya shaba mezani na kinu kando yake. Alipima oti, siagi na sukari kama zamani, kisha akaugawa unga mara mbili. Katika nusu moja alitia korosho na karanga alizozitwanga zikawa kama mchanga, na maziwa, ambayo aliyapima katika kiganja chake kwanza, akayamimina katika kitanga cha mizani, akasoma uzito, akauandika. Katika nusu ya pili alitia korosho nzima na chokoleti ya vipande vikubwa. Alioka nane.

Zilipopoa alikunja karatasi mbili, nne ndani ya kila moja, mikunjo mitano. Juu ya ile ya laini aliandika “Mdogo wangu”. Alikaa na kalamu juu ya ile nyingine kwa muda, nami nikajifanya natazama dirishani. Kisha akaandika “Wifi”. Akavua aproni, akafunga mlango kwa ufunguo, tukaagana barabarani, naye akapanda kuelekea kwa fundi redio, amebeba kifurushi kimoja katika kila mkono.