Maji Niliyoipa Nchi ya Mawe Meusi

Utotoni sikujua kwamba maji yanaweza kuisha. Kwetu Iguhu, upande wa Kakamega, mvua ilinyesha karibu kila alasiri, na mtoto aliyetumwa mtoni aliweza kulowa kabla hajateka. Ndiyo sababu, miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, baba alipopelekwa kaskazini kujenga barabara na kutuita tumfuate, nyanya yangu, tuliyemwita Kukhu, aliingiwa na wasiwasi.

"Mama Muhonja," alimwambia mama asubuhi ya kuondoka, "huko mnakokwenda nchi iliwahi kuwaka moto. Mawe yake ni meusi mpaka leo. Ardhi namna hiyo ina kiu. Imwagieni maji kabla nyinyi hamjanywa. Isipopewa, inajichukulianga mtu."

Mama aliitikia kwa heshima, akambeba mdogo wangu Shikuku mgongoni. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na maneno ya Kukhu kwangu yalikuwa amri.

Siku ya tatu lori letu liliharibika katikati ya mawe hayo. Tulikuwa juu kwenye uwanda mkavu, upepo ukivuma bila kupumzika, na kila upande hapakuwa na kitu ila mawe meusi yenye matundu. Vilima havikuwa na vilele. Juu vilikuwa wazi kama vyungu vilivyomeguka midomo. Dereva wetu, Guyo, mzaliwa wa huko, alituambia kwamba zamani vilima vile vilitapika moto, ukateremka kama uji mzito, ukaganda ukawa mawe haya.

"Mvua ikinyesha inazama kwenye matundu," alisema. "Maji yako kule tu, chini ndani ya kile kilima kilichotoboka."

Akachukua debe, akaenda kwa miguu. Rejeta iliyovuja ilikuwa imemaliza maji yetu. Kilibaki kibuyu kimoja, nacho hakikufika nusu.

Shikuku alikuwa akihara tangu jana yake. Adhuhuri hakulia tena, na macho yalikuwa yamezama. Mama alimnywesha kidogo kidogo kwa kijiko.

"Mama, tumeimwagia ardhi?" nilimwuliza.

"Nyamaza, Muhonja."

Nilimtazama ndugu yangu, nikaona ardhi imeshaanza kumchukua. Mama hakuwa amelala usiku mbili. Usingizi ulipomwiba, nilichukua kibuyu nikamimina maji yote juu ya jiwe. Sikubakiza, niliogopa kuipunja. Yakazama kwenye matundu.

Mama alizinduka akaniona. Hakunipiga. Alipiga magoti, akapitisha kiganja juu ya jiwe lililolowa, akapangusa midomo ya mtoto. Akarudia, na akarudia, mpaka jiwe likakauka.

Guyo alirudi na debe limejaa, jua likishuka. Shikuku alikuwa amekata roho. Tulimfunika kwa mawe palepale, maana hapakuwa na udongo wa kuchimba.

Miezi michache baadaye mama alitaka turudi nyumbani, tukarudi. Kukhu alituuliza jambo moja tu.

"Maji mlimwaga?"

Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi. "Tulisahau, mama."

Kukhu hakumsamehe. Mpaka anakufa hakula tena obusuma uliosongwa na mama, na kijiji kizima kilijua kwamba mtoto yule aliuawa na uzembe wa mamake. Mama aliendelea kumpelekea sahani, na sahani ziliendelea kurudi zikiwa zimejaa.

Daktari mmoja aliwahi kuniambia kwamba kibuyu kile huenda kisingemwokoa Shikuku. Neno hilo "huenda" limeninyima usingizi maisha yangu yote. Nilipokuwa na watoto wangu ndipo nilipothubutu kumwuliza mama kwa nini hakusema ukweli.

"Ulikuwa na miaka tisa," alisema, akiendelea kuchambua mboga. "Ungelibeba vipi jambo hilo?"

Nimelibeba hata hivyo. Lakini mbele za watu alilibeba yeye, na akaingia nalo kaburini.