Mia Moja Arobaini na Mbili

Sista Kajuju amewapima wajawazito wa Ruiri kwa miaka kumi na sita, na miaka yote hiyo zahanati yetu imegawana ukuta na kisiagi cha mahindi cha Salesio. Aliyekubali majengo hayo yakae hivyo, Mungu anamjua. Mimi ni karani wa kadi pale, na kwa kelele za mashine jina la mtu huwa naliuliza mara tatu.

Dawa ya kelele hizo ilikuwa kitambaa. Kajuju akitaka kusikiliza moyo wa mtoto tumboni kwa kile kipembe chake cha mbao, hutundika kitambaa cheupe dirishani, na Salesio huzima mashine. Wenye mahindi hununa dakika mbili, kazi ikaendelea.

Jumanne moja Salesio alienda mazishini, akamwachia dada yake kisiagi. Dada alikiona kitambaa, akadhani ni nguo imeanikwa. Badala ya kunituma nikamweleze, Kajuju alisema masikio yake yameshazoea. Nikanyamaza, na hilo ni kosa langu. Alisikiliza akina mama wanne, nikaandika mapigo ya kila mtoto kwa dakika: mia moja arobaini na mbili. Wote wanne. Tukafurahi kabisa, wajinga sisi.

Wa tano alikuwa kitandani mahindi yalipokwisha na mashine ikazimwa. Kajuju aliinua kichwa, uso umempauka.

"Umekatika," akasema.

Moyo aliokuwa akiuhesabu ulikuwa umezimika pamoja na kisiagi. Akainama tena, na katika kimya kile akaupata moyo mwingine, mdogo, wa kweli: mia moja ishirini na nane. Mtoto alikuwa mzima. Basi kutwa tulihesabu nini? Mkanda wa kisiagi umeungwa kwa waya, na kila kiungo kikipita hugonga. Mdundo huo ulipenya ukutani hadi kitandani. Akalivuta daftari langu, akazitazama zile namba nne.

Watatu walikuwa bado kwenye foleni ya dawa. Tukawapima upya, wakawa salama. Wa nne, Shamima, mke wa Mahmood mwenye bucha, alikuwa ameshaondoka. Kajuju alitoka mbio na kipembe chake, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, nami nyuma. Akamlaza Shamima kwenye benchi nyuma ya bucha. Moyo ulipiga themanini na nne, chini mno kwa mtoto wa tumboni, na unazidi kupungua. Mahmood alimkimbiza Meru kwa gari la nyama, na mtoto akatolewa kwa upasuaji siku hiyo hiyo, akiwa hai kwa bahati tu.

Siku ya tatu tulienda kuwaona. Kajuju alieleza yote, mkanda, ukuta na kitambaa, bila kujitetea. Shamima alimsikiliza hadi mwisho.

"Sista, na nilipokuambia hajacheza tangu jana, hukunisikia pia?"

Jibu ninalo mimi, na bado linanitisha: tulimsikia vizuri sana, tukamwonyesha namba.