Diski Niliyoizika Ikiwa Hai

Sikiliza ndugu yangu, nikuambie aibu yangu ya jana, hapa dukani kwangu Awindiri. Mama Zaituni na bintiye walitoka Koboko na diski waliyoitoa kwenye kompyuta iliyoharibika, yenye video pekee ya harusi ya Zaituni. Nikaichomeka kwenye kasha la USB, lile la kusomea diski kwa kompyuta nyingine, nikafunga kifuniko, nikaunganisha waya. Taa ya bluu ikawaka! Nikashangilia kama goli limeingia. Lakini kompyuta yangu haikuonyesha kitu. Nikavua kofia.

"Pole, mama. Diski imekufa."

Mama akaangua kilio. Zaituni akaufuata waya kwa kidole hadi chini ya meza.

"Fundi! Hii waya iko kwa betri ya sola, pamoja na simu za watu za kuchaji. Unazika mutu iko mzima?"

Wewe, kabla ya kutoa pole, hakikisha waya umeingia kwenye kompyuta.