Mbwa Aliyemchagulia Sungura Wake

Vita vilipozidisha wezi mtaani Mutakura, Léocadie, fundi wa nguo, alikwenda Buterere kutafuta mbwa wa kulinda nyumba, sungura wake Kazuri akiwa kikapuni. Watoto wawili wa mbwa walikirukia kikapu wakibweka. Wa tatu alinusa, akapiga miayo, akalala. Akamchukua huyo.

Mwezi haujaisha, Kazuri akawa halali ila ameegemea tumbo la mbwa. Léocadie akimwita, majani mabichi ya lengalenga mkononi, hata sikio hageuzi. Roho ikamuuma Léocadie kama aliyeletewa mke mwenza.

"Si we ulitaka wapatane?" mumewe Anselme akamcheka.

"Mi nilitaka asimule tu!" Léocadie akafoka, akiwatupia lengalenga. "Nani alimuambia amupende?"