Maziwa ya Leshan

Mimi naogopa nyoka. Naliweka wazi mapema, maana watu wakisikia mtu ni afisa mifugo wanadhani haogopi kitu chochote chenye uhai. Nimewahi kuingiza mkono ndani ya ng'ombe hadi begani nikamgeuza ndama aliyekaa vibaya, tena bila kutetemeka. Lakini nyoka, hata akiwa kwenye picha ya kitabu, nafunua ukurasa unaofuata haraka. Kwa hiyo Jackline aliponipigia simu mwezi wa saba mwaka jana, akasema mama mkwe wake ana mgonjwa asiyekula, na mgonjwa mwenyewe ni nyoka, nilimwambia amekosea namba.

"Sijakosea, dada Careen," akasema. "Wewe si wa mifugo? Na huyu si anafugwa?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Huyo nyoka akifa, mama naye tunampoteza. Leo siku ya kumi hata yeye hali. Akinywa chai kikombe kimoja, ndiyo basi."

Jackline namfahamu. Ni msichana wa Hedaru, aliyeolewa na kijana wa Kimasai huko chini tambarare, na si mtu wa kutia chumvi. Nikajikaza kisabuni, nikapanda pikipiki yangu, nikateremka.

Mama mkwe wake anaitwa Nairesiae. Wajukuu wanamwita koko, yaani bibi, na mimi pia nimezoea kumwita hivyo kwa sababu nimemchanjia ng'ombe miaka tisa. Umri wake haujui, anakisia miaka sitini na kitu. Aliolewa na Leshan akiwa binti mdogo kabisa, na Leshan hakuongeza mke wa pili, jambo lililowashangaza wenzake hadi wakachoka kushangaa. Walizaa watoto saba, wakabaki wanne. Kwa miaka zaidi ya ishirini Nairesiae alibeba maziwa kichwani alfajiri hadi Hedaru, akawauzia wenye vibanda vya chai kule mabasi yanakosimama, na maziwa hayo ndiyo yaliyomsomesha mume wa Jackline mpaka kidato cha nne. Anajua ng'ombe wote kwa rangi na kwa mama zao. Ukimuuliza idadi yao anakasirika, kwa sababu kwao ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo.

Leshan alikuwa mtu wa maneno machache. Jioni akirudi na mifugo alikaa kwenye kigoda chake, Nairesiae akampa maziwa, kisha akamsimulia habari za nyumbani za siku nzima: nani alipita, ndama gani anaharisha, mtoto gani ana kiburi. Leshan alijibu "ee" tu. Jackline aliniambia kwamba alipoolewa pale alidhani mzee hamsikilizi mkewe. Baadaye akagundua kila alichoambiwa jioni, asubuhi yake alikishughulikia.

Leshan alikufa kwa homa ya siku tatu, miaka miwili kabla ya simu ile. Siku chache baada ya maziko nyoka akaingia ndani ya nyumba ya Nairesiae, ile ya zamani ya udongo, akajikunja upande wa kitanda alikokuwa akilala Leshan. Alikuwa mwembamba, wa kahawia, urefu wa mkono wangu. Katika ukoo wa Leshan wanasema mzee anaweza kurudi kwa namna hiyo, na nyoka wa rangi ile akiingia nyumbani hauawi, anapewa maziwa. Nairesiae akamimina maziwa kwenye kifuniko cha sufuria, akaweka chini. Asubuhi kifuniko kilikuwa kitupu.

Tangu hapo kila jioni alimwekea maziwa, akakaa kwenye kigoda, akamsimulia habari za siku. Nyoka alitokeza kichwa kwenye nyasi za paa au pembeni ya gunia la mahindi. Hakusema kitu, na Leshan naye hakuwa msemaji.

Mimi ni Mlutheri wa kijiji cha Mamba, kule milimani, nipo kwaya ya akina mama, na nina maoni yangu kuhusu wafu kurudi. Sikuyasema. Nilichokiona mara moja, na mtu yeyote aliyesoma mifugo angekiona, ni kwamba nyoka hakuwahi kuishi kwa maziwa. Nyumba ile ilikuwa imejaa panya. Panya walifuata mahindi, wakanywa na maziwa juu yake, na nyoka alikula panya. Kila mmoja alishiba kwa namna yake, Nairesiae akiwemo.

Halafu mwanawe, mume wa Jackline, akajenga nyumba ya matofali, ya bati na sakafu ya saruji, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo kwa mama yake. Nairesiae alikubali kuhama kwa sharti moja. Akamchukua nyoka kwa mikono yake, akamweka kwenye sanduku la bati alilokuwa Leshan akitunzia shuka zake, akahama naye. Safari hii hakumwachia huru, kwa sababu aliogopa asije akapotea njia akiwa mahali pageni. Ndani ya sanduku lile alikaa siku arobaini na tatu bila kula. Maziwa yaliwekwa, yaliganda, yalimwagwa.

Nilipofika Nairesiae alimtoa akampakata mapajani. Mimi nilibaki mlangoni, mgongo nimeubana ukutani. Ngozi ya nyoka ilikuwa imelegea, imejikunja ubavuni, na uti wa mgongo ulionekana. Nairesiae alimpapasa akisema naye Kimaa taratibu, Jackline akanitafsiria kwa sauti ya chini: "Anamwambia ng'ombe mwekundu kazaa jike."

"Mwanangu," Nairesiae akaniambia kwa Kiswahili chake kizito, "wewe umesoma. Ng'ombe wangu wakigoma kula, unawapa dawa wanakula. Huyu nimemkosea nini? Nimemhamisha, amekasirika. Mwambie arudi kula. Akifa hapa, nitakuwa nimemuua mimi."

Hapo ndipo roho iliponiuma, na mtu akinigusa roho mimi hujitia ujuaji. Nikamwambia asihofu, atakula.

Nilimpigia simu Mbaraka, mwenye duka la vipuri vya pikipiki Same mjini, ambaye ujanani alifanya kazi Arusha mahali wanapofuga nyoka wa kuonyesha watalii. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Maziwa?" akasema. "Dada, wewe na elimu yako unaniuliza mambo ya maziwa?"

"Najua. Niambie la kufanya."

Akaniambia. Nyoka wa namna ile hana sumu, anakaa majumbani akiwinda panya. Akihamishwa hugoma. Sakafu ya saruji mwezi wa saba ni baridi, na nyoka mwenye baridi hawezi kusaga chakula, kwa hiyo hakitaki. Sanduku liinuliwe, lisogezwe karibu na jiko la mkaa, liwekwe maganda ya mti ajifiche, lifunikwe kitambaa kizito. Apewe maji badala ya maziwa. Asishikwe kabisa, na asitazamwe, kwa kuwa nyoka anayetazamwa hali. Baada ya wiki apewe panya mdogo, mwenye joto, kisha watu waondoke.

Yote nilimweleza Nairesiae isipokuwa la panya. Aliniuliza swali moja tu: atamsimuliaje habari za siku bila kumtazama? Nikamwambia asimulie juu ya kitambaa. Wiki nzima, Jackline anasema, alikaa kwenye kigoda akizungumza na kitambaa.

Wiki ilipoisha nilirudi na kopo. Ndani ya kopo kulikuwa na panya mdogo niliyemtega kwenye ghala la jirani yangu, nimemuua, nimemfunga kitambaa na chupa ya maji moto asipoe njiani. Ningeweza kumwambia. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumwambia, na jibu si zuri: nilitaka kufaulu kwanza, maelezo yafuate. Nilimwambia ni dawa.

"Inafanya kazi gizani, koko. Usifunue mpaka kesho."

Akanishika mkono, akanitemea mate kidogo kiganjani. Kwao hiyo ni baraka, na wazee hawaigawi ovyo. Niliinua kona ya kitambaa huku nimefumba macho nusu, nikamtumbukiza panya, nikafunika. Kisha nikaenda jikoni kwa Jackline kunywa chai.

Jua lilikuwa bado halijazama. Tulisikia bati la sanduku likigongwa mara mbili, tena mara ya tatu, halafu kimya. Nikamfinya Jackline mkono kwa furaha. Nakiri nilikuwa na furaha ya kitoto. Mimi, mwoga wa nyoka, nimefaulu!

Chumbani Nairesiae naye alisikia. Alipaza sauti, "Ameamka! Dawa imemwamsha!" na kabla hatujafika mlangoni alikuwa ameshafunua kitambaa, kibuyu cha maziwa mkononi, tayari kumpa.

Nyoka alikuwa amemeza panya nusu. Miguu ya nyuma na mkia vilining'inia nje ya mdomo wake.

Nairesiae hakupiga kelele. Alisimama palepale akatazama mpaka miguu ikaingia, mpaka mkia ukaingia, mpaka uvimbe ukateremka shingoni. Mimi nilitazama pia, na kwa mara ya kwanza maishani sikuogopa nyoka. Nilimwogopa yeye.

"Leshan hali panya," akasema. Alisema kwa Kiswahili, nadhani ili nielewe mimi.

"Koko..."

"Hata samaki hakula. Hata kuku. Mwaka ule wa ukame ng'ombe karibu wote walikufa, tulilala njaa siku nne. Wawindaji wakatugawia paja la swala limeshachomwa. Watoto wakala, mimi nikala. Yeye akasema hajawahi kula nyama ya porini na hataanza kwa sababu ya njaa. Akakaa pembeni, akageukia huko, tukala." Akanyoosha kidole sandukuni. "Huyu ni nyoka."

Jackline alimshika bega. Nairesiae alikaa kwenye kigoda taratibu, kibuyu bado mkononi, akatazama ukuta.

"Miaka miwili," akasema. "Habari zote zile. Nilikuwa namwambia nani?"

Nililia. Sikuona haya, ingawa sikuwa na haki ya kulia, kwa kuwa mimi ndiye niliyeleta kopo. Yeye hakulia. Baada ya muda aliniona pale mlangoni, akaninyooshea kibuyu.

"Kunywa, mwanangu. Yasije yakaharibika."

Ni maziwa aliyomkamulia mumewe. Kuyakataa nyumbani kwake kungekuwa tusi, kwa hiyo nilikunywa yote nikiwa nimesimama.

Siku ya pili mwana alimhamishia nyoka ghalani. Nasikia amenenepa, na panya wamekwisha. Nairesiae haendi huko. Wiki ileile alinyoa nywele, akavua shanga na hereni zake, na wanawake wa maboma ya jirani wakaja kukaa naye, wakimlilia Leshan kama aliyekufa jana. Kuna waliouliza kwa nini msiba unaanza leo.

Nilirudi mwezi wa tisa kuchanja. Alitoka mwenyewe kunishikia ng'ombe, kama miaka yote. Nilimwamkia, "Koko, takwenya," akaitikia, "Iko." Amekonda, lakini sasa anakula, Jackline ameniambia. Tulifanya kazi mpaka ng'ombe wa kumi hivi, ndipo akaniuliza bila kunitazama.

"Siku ile ulipoleta kopo, ulijua kuna nini ndani?"

"Nilijua, koko."

"Na ulijua nyoka wote wanakula hivyo?"

"Nilijua."

Akatikisa kichwa kwa muda. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Ungeniacha na maziwa yangu," akasema. "Angekufa tu. Ningemzika mume wangu, nikalia, ikaisha. Sasa nimezungumza na nyoka miaka miwili nikidhani ni mume wangu, na mume wangu amekaa huko peke yake miaka yote hiyo bila mtu wa kumlilia."

Nilisema "Pole, koko," na neno hilo lilikuwa dogo mno. Akamshika ng'ombe pembe, akamgeuza shingo, akaniambia nichome sindano.