Mtoto wa Jirani

Pale sokoni walimwita Mama Shubiri, kwa kuwa hapakuwa na chunusi iliyofika kibandani pake isipakwe utomvu wa mshubiri. Aliuchanganya na manjano, mwarobaini uliotwangwa na maji ya ndimu, akautia kwenye vikopo vidogo. Wasichana walimsifu, sifa zikasambaa, biashara ikanoga.

Ila nyumbani mambo yalikuwa mengine. Binti yake wa pekee, wa miaka kumi na sita, alikuwa na chunusi uso mzima. Kila asubuhi alipaka dawa ya mama yake, na uso ukazidi kuwaka.

“Mwanangu, usiwe unapita sokoni,” mama alimwambia. “Wateja wakikuona nitawaambia nini?”

“Sawa, mama,” binti akaitikia, na tangu hapo akawa anazunguka njia ya mbali.

Siku moja mvua ilishuka ghafla. Binti, akijua mama yuko peke yake, alikuja mbio na turubai, akaanza kufunika vikopo. Mteja mmoja, bibi harusi mtarajiwa, akamkazia macho.

“Huyu naye nani?”

Mama Shubiri akababaika. “Ni... ni mtoto wa jirani. Hunisaidia-saidia.”

Binti hakugeuka. Alifunga kamba ya mwisho, akasema kwa adabu, “Shangazi, nimemaliza. Naomba niende.” Akatoka, mvua ikimnyeshea.

Mteja alinunua vikopo viwili. Mama Shubiri alivifunga huku masikio yakimwaka moto, akitamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni alimkuta binti anaosha vyombo.

“Nisamehe, mwanangu. Ulimi uliteleza.”

“Haukuteleza, mama. Ulinitazama kwanza.”

Kesho yake hakufungua kibanda. Walikwenda zahanati.

“Anapaka nini?” muuguzi aliuliza.

Binti akainamia sakafu. Hata pale alikuwa anamsitiri mama yake.

“Dawa yangu mwenyewe,” mama akasema. “Natia ndimu.”

“Basi ndimu hiyo ndiyo inayomuunguza.”

Alipewa dawa nyingine. Uso ulichukua miezi mitano kutulia, makovu yakabaki mashavuni. Mama Shubiri aliacha ndimu, akawaeleza wateja sababu bila kuficha, na baadhi hawakurudi.

Binti hakuligusia tena jambo lile. Mama ndiye linayemrudia, tena wakiwa wamekaa vizuri wanacheka. Kicheko humkatikia mdomoni, akainuka akisingizia kwenda kutazama jiko.