Sinema Bubu za Mama Noela

Watu wa Tabata walimjua Theonest kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yake ilikuwa kutafsiri muvi. Alikaa na maiki kwenye kibanda umiza cha rafiki yake Muhsin, muvi ya Kichina au ya Kihindi ikienda kiooni, naye akimpa kila mtu Kiswahili chake: jambazi, polisi, bibi harusi, mama mkwe, hata mbwa. Vibanda vilipokufa wakawa wanarekodi na kuuza kwenye flashi. Akinunua nyanya gengeni, wanawake waligeuka. "Si yule wa kwenye muvi huyu?"

Nyumbani kwake kulikuwa na mtu mmoja asiyeisikia sauti hiyo. Mkewe Auleria, fundi cherehani, aliugua homa ya uti wa mgongo mwaka ambao binti yao Noela alikuwa darasa la sita. Alipona, wakamshukuru Mungu, lakini masikio hayakurudi naye kutoka hospitali. Kusema aliendelea kusema, ila sauti yake ilipoteza kipimo. Siku moja kanisani alidhani ananong'ona, watu wa safu tano mbele wakageuka. Tangu hapo akapunguza maneno. Televisheni akaiacha kabisa. "Naona watu wanafumbua midomo kama samaki," alisema. Kucheka nako kukamwishia polepole, kama sabuni inavyokwisha bila mtu kuona ni siku gani.

Miezi kumi na moja ikapita hivyo. Ndipo Muhsin akamtupia Theonest flashi moja. "Braza, hizi mbovu. Nyeusi na nyeupe, za zama za mababu, halafu hazina sauti. Futa, tumia flashi."

Theonest aliichomeka nyumbani ili aifute. Kabla hajafuta, kijana mwembamba mwenye suti fupi akatokea kiooni, amesimama stesheni na shada la maua, akimsubiri mchumba. Nyuma yake farasi akanyoosha shingo, akaanza kuyala maua moja moja. Kijana hana habari. Kila treni inapoingia anajitengeneza tai, anatabasamu, anakaza mkono. Mchumba aliposhuka, alikabidhiwa vijiti.

Nyuma ya Theonest kitu kikamwagika. Auleria alikuwa amesimama mlangoni na ungo, maharage aliyokuwa akichambua yametapakaa sakafuni, naye anacheka mpaka ameshika fremu ya mlango.

"Rudisha!" alisema kwa ile sauti yake kubwa. "Baba Noela, rudisha mwanzo!"

Flashi haikufutwa. Kila Jumapili baada ya misa ya pili walifunga pazia la sebuleni na kukaa kwenye kochi moja. Hapa hakukuwa na cha kutafsiri. Tena ikadhihirika kwamba aliyekuwa akiona zaidi ni mke. Theonest, aliyezoea kushughulika na maneno, alipitwa na mengi. Auleria alimfinya paja, akamwonyesha mkono wa mwizi uliokuwa umeshatetemeka kabla polisi hajaingia, au jinsi tajiri alivyomtazama mpishi wake. "Huyo anampenda," alisema. "Bado hajajijua tu."

Za kutisha ndizo alizozipenda zaidi. Ilikuwamo moja ya mjane aliyekuwa akishuka ngazi na mshumaa kila usiku kwenda kufungua chumba ambacho hakikuwa na mtu, na ukutani kivuli chake kikawa kinatangulia kushuka. Theonest aligundua kwamba bila muziki hakuna wa kukuonya. Uso wa yule mama ulipogeuka ghafla, aliruka kwenye kochi. Auleria alimcheka wiki nzima. "Wewe umezoea kuogopa ngoma," alimwambia. "Mie naogopa sura."

Wakaishi hivyo miaka tisa, wakahamia Kibamba walikojenga. Kisha presha ikamwangusha Auleria asubuhi moja akipima gauni la mteja, na hakuamka. Theonest aliitia flashi kwenye droo ya cherehani. Hakuigusa kwa miaka mitatu.

Mwaka huu Muhsin alimpigia. Vijana mitandaoni, alisema, wameanza kuzipenda zile za kale. "Tuzitie sauti, braza. Wewe si mtu wa kushindwa na hilo."

Theonest alikubali, na ukweli ni kwamba hakukubali kwa ajili ya kazi. Alitaka sababu ya kuifungua ile droo. Alipanda gari mpaka Tabata, akavaa hedifoni, Muhsin akaanzisha ile ya stesheni. Dakika za mwanzo zilikwenda vizuri. Kijana mwembamba alipata Kiswahili cha mtoto wa mjini, Muhsin akacheka, akamwonyesha dole gumba. Halafu Theonest akajisikia akisema, "Haya sasa, cheki farasi huyo, maua yamekwisha!"

Farasi alikuwa hajanyoosha shingo bado.

Theonest alivua hedifoni.

"Umekwama?" Muhsin aliuliza.

"Nimewaambia kabla hawajaona. Nimewaibia."

"Si ndiyo kazi yenyewe? Tumekuwaga tunafanya hivyo siku zote."

"Hizi hapana. Hizi ni za Mama Noela."

Muhsin alikuwa amekula kwa Auleria mara nyingi, na mlangoni pake palining'inia pazia aliloshonewa naye. Hakubisha. Alishika flashi aichomoe, ila kabla hajaivuta akasema, "Humu kuna moja ya mwisho kabisa, imejificha kwenye folda nyingine. Mashine inaonyesha haijawahi kufunguliwa."

Jumapili iliyofuata Noela alikuja Kibamba kutoka Kinondoni, anakofundisha shule ya msingi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa. Kuna kitu mama yako hakukiona."

Akafunga pazia. Ilikuwa sinema ya mwanamke mwenye mkahawa mdogo anayeandaa meza ya watu wawili kila siku, na wageni wa ajabu ajabu wanaokuja kukalia kile kiti cha pili: jenerali, mtoto anayeiba mikate, mbuzi. Noela alimcheka mbuzi. Theonest alicheka pia, kidogo. Lakini kulikuwa na pahala mwanamke alifuta sahani, akasita, akaigeuza, akaifuta tena, na uso wake ukawa na kitu ambacho Theonest hakukielewa. Alisimamisha picha.

"Hapo anawaza nini?"

Noela alisogeza kichwa karibu na kioo, akatazama kwa muda. "Mie sijui, baba. Labda amechoka."

"Siyo kuchoka."

"Basi sijui."

Theonest alirudisha nyuma, wakaitazama sahani ile mara ya pili, na ya tatu. Mwenye kujua angekwisha kumfinya paja zamani. Noela akasogea, akalaza kichwa begani kwa baba yake. Theonest akaiachia picha iendelee, kimya, huku akikaza macho kama mtu anayejifunza kusoma ukubwani.